Kabila la Mtoto na Habari za Bahari Mbili

Ndugu msomaji, juma lililopita waliketi kwenye benchi la ofisi yangu wazee wawili, na kati yao mama kijana aliyempakata mtoto mchanga. Walikuja kuandikisha ubatizo. Baba wa mtoto ni dereva wa lori la alizeti, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, ambaye alibatizwa miaka michache iliyopita akaoa binti wa hapa kwetu Singida. Mzee wa kwanza ni baba wa binti, Mnyaturu mwenye ng'ombe zake. Wa pili ni baba wa dereva, Mwislamu wa pwani, kanzu yake nyeupe pepepe, naye alisafiri siku mbili kwa basi ili amwone mjukuu. Waliitana "mkwe wangu" kwa adabu nyingi, huyu akiuliza hali ya bahari na yule akiuliza hali ya mvua. Mambo yote yalikwenda vizuri mpaka nilipofika kwenye ile safu ya daftari letu kuukuu isemayo: Kabila.

"Andika Mnyaturu," akasema babu wa kwanza.

"Uniwie radhi, mkwe wangu," akasema wa pili, "mtoto hufuata kwa baba. Andika Mshirazi."

Yule dereva, maskini, akadhani anapatanisha. "Bwana karani, andika Mswahili tu, yaishe."

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza! Baba mkwe wake akamwuliza tangu lini Mswahili likawa kabila, maana yeye alivyosikia Mswahili ni mtu mjanja wa mjini asiyelipa deni. Babu wa pwani naye akakunja uso. Basi nikaweka kalamu chini, nikawaomba warudi Jumamosi. Tangu siku ile nimekuwa nikipekua vitabu vyangu, na leo nataka nikueleze niliyoyapata, maana si ya familia ile peke yao.

Pengine utasema ni neno moja tu, liandikwe lolote. La, si jambo dogo. Neno hilo hilo "Mshirazi" lilikuwa ndani ya jina la chama cha Afro-Shirazi kilichoundwa Unguja mwaka 1957, na Januari 1964 wapo walioulizwa njiani, "Wewe nani?", na jibu likaweza kumponya mtu au kumwangamiza. Anayeandika kabila la mtu katika daftari na aandike kwa hofu kidogo.

Sasa twende mbali kwanza, tutarudi. Iko bahari ambayo wataalamu wamegombana juu ya wenyewe wake kwa muda mrefu kuliko juu ya bahari yetu, nayo ni Bahari ya Kati, iliyo baina ya Ulaya, Afrika na Asia. Waarabu wa zamani waliiita Bahari ya Rumi. Sisi wasomaji wa Maandiko twaijua bila ya kuiona. Mtume Paulo alivunjikiwa merikebu humo karibu na Malta, katika chombo cha Aleksandria kilichopeleka ngano Italia, na Matendo ya Mitume yahesabu watu 276 ndani yake. Hebu fikiri: ngano ya Afrika, mfungwa Myahudi mwenye uraia wa Kirumi, akida wa Kirumi, mabaharia wa kila namna. Karani wa chombo kile angeandika nini katika safu ya kabila?

Au mtazame Mtakatifu Augustino. Alizaliwa mwaka 354 mjini Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Jina la mama yake, Monika, wataalamu wengi huliona kuwa ni la Kiberiberi, yaani la wenyeji wa Afrika ya Kaskazini. Alifundisha Karthago, Roma na Milano, akaandika Kilatini ambacho wenye Kilatini chao waliiga, akafa mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo, huko huko Afrika. Mrumi? Mwafrika? Yeye mwenyewe sidhani kama alikosa usingizi kwa ajili ya jambo hilo.

Katika karne ya 20 mabingwa wa historia waliligeuza swali hili kuwa elimu kamili. Henri Pirenne, Mbelgiji, ambaye kitabu chake kilitolewa mwaka 1937 baada ya kufa kwake, alisema kwamba bahari ile ilikuwa nyumba moja mpaka Waarabu walipoteka upande wa kusini katika karne ya 7. Ndipo ikagawanyika, Wakristo huku na Waislamu kule. Akatokea Mfaransa Fernand Braudel, aliyekuwa mwalimu wa shule huko Algeria. Vita vilipoanza alitekwa na Wajerumani mwaka 1940, akakaa kambini mpaka 1945. Humo, bila ya maktaba yake, aliandika kitabu kikubwa juu ya Bahari ya Kati katika madaftari ya shule, kwa kukumbuka tu, akawa anampelekea rafiki yake Ufaransa daftari moja baada ya jingine. Kilichapwa mwaka 1949. Mimi niliyekuwa nikinung'unika katika chuo cha ualimu kwamba vitabu havitoshi, niliposoma habari hii niliona haya.

Braudel hakuanza na wafalme. Alianza na milima, upepo, ngano, mizeituni, na mwendo wa mashua. Alisema Mturuki na Mkristo wa zama zile, hata walipopigana, waliishi chini ya jua moja, walivunwa na njaa moja, na bahari ile ile iliwafundisha kazi zile zile. Wako waliompinga, wakisema ameisahau sana nafsi ya mtu. Nami naona hivyo. Katika kurasa mia kadhaa za upepo na milima unatamani umsikie mama mmoja akigombana na mwuza samaki.

Kwa hiyo nampenda zaidi Goitein, aliyeishi kati ya 1900 na 1985, na sababu yangu ni ya kikarani. Katika sinagogi moja la Kairo ya kale palikuwa na chumba ambamo Wayahudi walitupia karatasi zao zilizochakaa, kwa kuwa desturi yao haikuruhusu kutupa ovyo maandishi yenye jina la Mungu. Karatasi zikarundikana kwa karne nyingi: barua za wafanya biashara, hati za ndoa, madeni, orodha za mahari, manung'uniko ya wake walioachwa. Mwaka 1896 na 1897 mtaalamu Solomon Schechter alizipeleka nyingi Cambridge, Uingereza. Kutokana na hizo Goitein akaandika juzuu tano za maisha ya watu wa Bahari ya Kati, kuanzia mwaka 1967. Kwa maneno mengine, elimu ile yote imetoka katika jaa la makaratasi ambalo karani mwenye pupa angelichoma moto siku ya kusafisha ofisi.

Na ndani ya jaa lile nimempata mtu anayefanana na dereva wetu. Jina lake Abraham Ben Yiju, Myahudi wa Mahdia katika nchi ya Tunisia. Alikwenda Uhindi katika karne ya 12 kufanya biashara ya pilipili na shaba, akakaa pwani ya Malabar miaka mingi. Mwaka 1132 alimpa uhuru mjakazi wa Kihindi aliyeitwa Ashu, na hati yake ipo mpaka leo. Inaaminika kwamba ndiye aliyemzalia watoto. Aliporudi Adeni na baadaye Misri alikuwa na binti aliyekwisha kuwa mwali, naye mwaka 1156 akamposesha kwa mtoto wa ndugu yake aliyetoka Sisili. Damu ya Uhindi ikaingia katika ukoo wa Bahari ya Kati, kwa mahari iliyohesabiwa na kuandikwa. Tazama jinsi bahari mbili zilivyokutana katika nyumba ya mtu mmoja.

Maana bahari yetu nayo, msomaji, ina Braudel wake. Mwaka 1985 mtaalamu K. N. Chaudhuri alitoa kitabu juu ya biashara na ustaarabu wa Bahari ya Hindi, akifuata nyayo za yule Mfaransa. Kwetu kiungo ni upepo: kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Uhindi, na kusi ikayarudisha. Baharia aliyekosa kusi alingoja mwaka mwingine, na mtu anayengoja miezi mingi katika mji wa ugeni hutafuta mchumba. Hili si dhana yangu. Mfanya biashara mmoja wa Kiyunani aliyeishi Misri katika karne ya 1 aliandika kitabu cha njia za bahari, akautaja mji wa Rhapta katika pwani yetu, mashua zake zilizoshonwa kwa kamba, na pembe za ndovu zilizouzwa pale. Akaeleza kwamba manahodha wa Kiarabu wa zama zile walijua lugha ya wenyeji na kuoa kwao. Miaka karibu elfu mbili iliyopita! Mwaka 1999 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitangaza shanga za kioo alizozichimba katika delta ya Rufiji, ambazo kwa maelezo yake zilitoka katika nchi za Warumi. Wenzake hawakubali kila alisemalo juu ya mambo ya kale, lakini nani asiyependa kuwaza juu ya ushanga uliotoka Bahari ya Kati ukaja kudondoka Rufiji?

Ikiwa hupendi mambo ya shanga, fungua mdomo wako tu. Hapa mezani pangu pana kalamu na karatasi. Wayunani walisema kalamos, yaani tete la kuandikia, na khartes, Waarabu wakapokea wakasema qalam na qirtas, jahazi zikaleta, na leo mtoto wa Ilongero anatumwa dukani akanunue kalamu na karatasi kwa lugha ya Wayunani asiowajua. Sabuni na kandili zina asili ya Kilatini kwa njia hiyo hiyo. Injili na askofu ni maneno ya Kiyunani yaliyopita Arabuni. Padri na meza yalikuja moja kwa moja na Wareno. Na gereza, nisamehewe na mapadri wangu, wenye makamusi husema latokana na igreja, neno la Kireno la kanisa, maana Wareno walijenga kanisa na ngome pamoja, na wenyeji waliingizwa zaidi katika ngome.

Sasa Kilwa yenyewe, kwa kuwa ndiko anakotoka mzee wetu wa kanzu. Mwaka 1331 alifika huko Ibn Battuta, mtu wa Tangier, Morocco. Aliuona mji mzuri, nyumba zake za mbao, watu wake weusi sana wenye chale usoni. Alimsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu: maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa baada ya sala ya Ijumaa, naye akampa, akaongezewa na pembe za ndovu na watumwa. Tukisoma habari ya ukarimu ule tusiwaruke wale watumwa, ambao hakuna aliyeuliza majina yao. Sultani huyo ndiye mwenye Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya mia juu ya jabali la bahari. Mwaka 1505 Wareno wa Almeida waliuteka mji na kuupora. Magofu yake na ya Songo Mnara yamo katika Urithi wa Dunia tangu 1981.

Nani aliyeujenga? Tarihi ya Kilwa, ambayo Mreno João de Barros aliichapa kwa lugha yake mwaka 1552, yasimulia juu ya Ali, mwana wa mfalme kutoka Shirazi, na merikebu saba, na jinsi kisiwa kilivyonunuliwa kwa nguo za kukizunguka. Mchimbuaji Neville Chittick, aliyefanya kazi Kilwa tangu miaka ya mwisho ya 1950 na kutoa kitabu chake mwaka 1974, aliuona kuwa ni mji wa biashara wa Kiislamu ambao wageni walikuwa na sehemu kubwa katika kuuanzisha. Baadaye upepo uligeuka. Mark Horton alichimba Shanga, karibu na Lamu, katika miaka ya 1980, akakuta kijiji cha karne ya 8 chenye nyumba za miti na udongo na vyungu vya kienyeji, na chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti. Mwaka 1985 Derek Nurse na Thomas Spear walionyesha kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kipokomo na Kimijikenda na Kikomoro, mtoto halali wa Kibantu aliyevaa maneno ya Kiarabu. Hapo wengine wakakata shauri: hadithi ya Shirazi ni majivuno matupu, wazee walijipa babu wa ng'ambo ili wajione bora.

Kisha Machi 2023 ilitangazwa kazi ya wataalamu wengi, Profesa Chapurukha Kusimba akiwa mmoja wao, waliopima chembe za urithi katika mifupa ya watu 80 wa kale, wa miji ya pwani pamoja na Kilwa, na wa mji mmoja wa bara. Walikuta nini? Kwa wengi wao zaidi ya nusu ya urithi ni wa Afrika, na huo hasa kwa upande wa mama. Sehemu kubwa nyingine ni ya Asia, na kabla ya mwaka 1500 hivi hiyo ilikuwa hasa ya Waajemi, karibu yote kwa upande wa baba. Uarabuni ulizidi baadaye. Kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Basi wazee wa Kilwa hawakusema uongo juu ya babu yao. Ila walimtaja babu peke yake, wakamwacha bibi, naye bibi ndiye aliyewafundisha watoto kusema. Lugha waliyoisema ikabaki ya kwake.

Nilipofika hapo, ndugu msomaji, nilitaka kumwambia Mnyaturu wangu ajivune, kwa kuwa bibi ni wa Afrika. Nikajizuia. Maana hata kwetu Singida, mbali na chumvi ya bahari, nani aliye wa namna moja? Wanyaturu na Wanyiramba ni Wabantu. Jirani zao Wadatoga lugha yao ni ya Kinailoti, Wairaki wa kaskazini lugha yao ni ya Kikushi, na huko Mkalama wapo Wahadza, wenye lugha ya kualika ulimi isiyo na ndugu ajulikanaye. Mtu akitafuta duniani mahali ambapo jamaa za lugha zimekaribiana namna hii atatembea sana. Tumeoana, tumeibiana ng'ombe, tumefundishana dawa. Na jina "Wanyaturu" lenyewe, wazee hujiita Arimi. Wataalamu wawili wamewaandika vizuri, Harold Schneider mwaka 1970 na Marguerite Jellicoe mwaka 1978, na ningependa vitabu vyao viwe katika kila shule ya sekondari ya mkoa huu, hata kama tutabishana navyo.

Bahari nayo ilitufikia, pengine kwa shari. Januari 1875 Stanley alipita Ituru na msafara wake akielekea Ziwa Viktoria. Mwenzake Edward Pocock alikufa kwa homa katika nchi hii, na mahali alipopaita Vinyata palitokea vita kati ya msafara na wenyeji, watu wengi wakafa pande zote mbili. Wapagazi wake wengi walikuwa watu wa Unguja na mrima, waliojiita waungwana. Stanley aliandika kitabu. Wapagazi hawakuandika, na wazee wa hapa hawakuandika. Ndiyo maana wana wa wale waliopigana wanajuana kwa kitabu cha mtu wa tatu.

Jumamosi walirudi wote. Niliwaeleza kwa kifupi kuliko nilivyokueleza wewe, maana mtoto alikuwa akilia. Babu wa pwani alisikiliza habari ya mifupa kwa utulivu, akasema, "Kwa hiyo babu yupo." Nikamjibu yupo. Babu Mnyaturu akacheka, akasema, "Na bibi yupo." Nikamjibu yupo pia, tena kwanza. Wakanong'onezana kitambo, mkwe kwa mkwe, kisha dereva akatumwa kuniambia niandike majina mawili, la baba na la mama. Safu ni nyembamba. Niliandika kwa herufi ndogo ndogo: Mshirazi wa Kilwa, na Mnyaturu.

Mzee wa kanzu akavaa miwani, akainama juu ya daftari, akasoma kwa kidole. Kisha akaniomba, ikiwa nafasi ipo, niongeze neno "Kisiwani" baada ya Kilwa. Kivinje, akasema, walihamia tu.